Kulitafuta Timbo la Nyumba ya Bibi

Mdogo wangu anaishi Bochum, katika eneo la Ruhr nchini Ujerumani, na kila Jumapili jioni hunitumia picha za matembezi yake ya baiskeli. Eneo hilo liliishi kwa makaa ya mawe kwa vizazi kadhaa. Mgodi wa Zollverein ulioko Essen ulifungwa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgodi wa mwisho wa eneo hilo, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa mwezi Desemba 2018. Reli iliyokuwa ikipeleka mawe ya chuma kutoka bandari ya mfereji huko Gelsenkirchen hadi viwanda vya Bochum sasa ni njia ya baiskeli, na vilima anavyovipanda mdogo wangu huku akihema si vilima vya asili bali ni kifusi kilichotolewa chini ya ardhi, kikarundikwa, kisha kikapandwa miti. Aliniambia pia kwamba kuna mahali ambapo ardhi imetitia kwa zaidi ya mita 20, na kwa sababu hiyo pampu haziwezi kuzimwa hata kama wachimbaji wameshakwenda zao, kwani zikizimwa baadhi ya mitaa itageuka ziwa.

"Nanyi huko mna nini?" aliniuliza usiku mmoja. Nikamjibu kwamba Mombasa haina mgodi. Makaa ya mawe ya Kenya yako bonde la Mui, Kitui, nayo bado yamelala ardhini. Haya tunayoyaona hapa huletwa na meli, yakapelekwa kuchomea tanuri za saruji. Niliutuma ujumbe huo nikiwa nimeegemea ukuta wa nyumba ya marehemu bibi yetu pale Kibokoni, ukuta wenye unene wa karibu nusu mita, na ilinichukua muda kutambua upuuzi wa jibu langu. Ukuta ule ni jiwe, na jiwe lile halikuota pale. Mahali fulani pana shimo lenye ukubwa wa nyumba yetu, na mimi, niliyezaliwa ndani ya nyumba hiyo, sijui liko wapi.

Shimo la namna hiyo sisi huliita timbo, na wingi wake ni matimbo. Si handaki refu linalokwenda gizani kama ya akina Bochum. Mji wetu wote umekaa juu ya matumbawe yaliyokuwa hai chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati maji yalipokuwa juu kuliko yalivyo leo, na mtu anayetaka jiwe huparua udongo kidogo tu akalifikia. Timbo basi huchimbwa wazi, juani, na mara nyingi halina kina kirefu, kwani ukizidi kushuka unakutana na maji, nayo ni maji ya chumvi. Ndiyo maana matimbo ya zamani hayaonekani kirahisi. Hayana mnara wala jengo la mashine; ni ardhi iliyo chini kidogo kuliko jirani yake, yenye ukingo ulionyooka kupita kiasi. Ukipita na gari hulioni. Ukienda kwa miguu utaliona, lakini moja tu kwa siku. Kwa hiyo nilimpelekea fundi baiskeli yangu, akabadilisha mnyororo na kukaza breki ya nyuma, na Jumapili iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikatoka.

Sikwenda mbali kabla ya kusimama. Ngome ya Yesu iko hatua chache kutoka kwetu, nami nimepita kando yake maelfu ya mara bila kuitazama kwa jicho la mtu anayetafuta mashimo. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan, na kila mtoto wa shule wa Mombasa amewahi kulazimishwa kuikariri miaka hiyo. Jambo nisilolikumbuka kufundishwa ni kwamba sehemu ya chini ya kuta zake haikujengwa, ilichongwa. Ni mwamba wenyewe wa matumbawe, uliokatwa ukasimama, na juu yake ndipo mawe yalipopangwa. Upande wa nchi kavu lilichimbwa handaki katika mwamba huohuo. Nililikalia baiskeli langu pale nje, mguu mmoja chini, nikijaribu kuuona mstari ambapo mwamba wa Mungu unakwisha na kazi ya mwashi inaanza, na kuna mahali nilishindwa kabisa. Timbo na jengo vimeshikana. Hilo lilinipa matumaini makubwa kuliko nilivyostahili, maana niliondoka pale nikiamini kwamba nyumba ya bibi nayo itakuwa na timbo lake karibu, lenye alama zinazolingana na za ukuta wetu, na kazi yangu ni kuzilinganisha tu.

Kuhusu daraja la Nyali sina mengi ya kusema. Mwenye baiskeli pale ni mgeni asiyealikwa, na matatu humkumbusha hivyo kwa honi kila baada ya nukta chache. Kongowea nilikunywa chai na mahamri kwa mbaazi, nikashika barabara ya Malindi hadi Bamburi.

Bamburi ndiko kwenye timbo kubwa kuliko yote, ingawa watu wengi waliolitembelea hawajui kwamba walikuwa ndani ya shimo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, na kwa miaka mingi matumbawe ya pale yalichimbwa, yakasagwa, yakachomwa. Kilichobaki kilikuwa uwanda mweupe usio na udongo, unaoakisi jua kama bati jipya, na chini kidogo tu ya sakafu yake maji ya chumvi. Mwaka 1971 Mswisi aitwaye René Haller alianza kujaribu kupanda miti ndani yake. Alijaribu aina 26, na zilizostahimili zilikuwa 3: mnazi, damas, na mvinje. Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa, kwa sababu hauogopi chumvi na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoweza kuchukua naitrojeni kutoka hewani, hivyo haungoji udongo wenye rutuba ndipo umee.

Lakini mti peke yake si udongo. Majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, yalidondoka yakarundikana bila kuoza. Haller akaleta majongoo, wale wakubwa weusi wenye miguu myekundu ambao watoto wa Pwani wanawajua tangu wanapoanza kutambaa. Majongoo waliyala majani, na kilichotoka upande wa pili kikawa mboji. Leo mahali palipokuwa weupe mtupu pana msitu wenye twiga na pofu, na kuna njia za baiskeli ndani ya sehemu mojawapo ya machimbo hayo, ambamo nilizunguka asubuhi ile kwa karibu saa nzima. Habari ya kiboko Owen, aliyeokolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamfanya kobe mzee kuwa mamaye, imekwisha simuliwa dunia nzima, nami sitairudia.

Nilishuka kwenye baiskeli mahali palipokuwa kimya, nikachutama na kulifukua zulia la majani ya mvinje kwa mikono. Juu kabisa sindano zilikuwa kahawia na kavu, zikivunjika vidoleni. Upana wa vidole viwili chini yake zilikuwa nyeusi na zimeshikana. Chini zaidi palikuwa na udongo hasa, mweusi, wenye ubaridi na harufu ya mvua, na ndani yake jongoo mmoja aliyejikunja mara moja akawa kama sarafu. Kisha kucha zangu zikagonga jiwe. Udongo wote ule, kazi ya nusu karne ya miti na majongoo, haukuzidi kina cha kiganja changu. Nilistaajabu kwa namna mbili kwa pamoja: kwamba upo, na kwamba ni mwembamba kiasi hicho. Nilitamani mdogo wangu angekuwepo tulinganishe, kwa kuwa kwao wamepanda miti juu ya kilima kilichotoka shimoni, na kwetu imepandwa ndani ya shimo lenyewe.

Hata hivyo si timbo nililokuwa nikilitafuta. Jiwe la Bamburi lilikwenda kuwa unga, na unga haukumbuki ulikotoka. Hata nyumba ya saruji imejengwa kwa mashimo mawili, moja la hapa lililotoa matumbawe na jingine la ng'ambo lililotoa makaa ya mawe ya kuyachomea. Mimi nilitaka shimo lililotoa jiwe likabaki jiwe.

Kwa hiyo niliiacha barabara kuu nikaingia upande wa Kiembeni na Utange, ambako jiwe la kujengea limechimbwa kwa mkono na watu wasio na kiwanda wala jina. Huko matimbo yamekuwa sehemu ya mtaa. Moja limefanywa shamba la migomba, na ni shamba zuri, maana upepo haufiki chini na udongo wote wa jirani huteremkia humo ukitoroka mvua. Jingine limejaa taka hadi shingoni. La tatu lina nyumba tatu za mabati sakafuni, na ngazi zilizochongwa katika ukuta wa jiwe, na mama mmoja alikuwa akipanda ngazi hizo na ndoo kichwani bila kushika popote. Nilimwamkia, nikamuuliza kama maji huwaingilia wakati wa masika. "Huingia," akasema, "kisha hutoka," na akaendelea na safari yake. Katika dimbwi la timbo la nne watoto walikuwa wakiogelea, na wallahi sikuona raha, kwa kuwa timbo halina ufuo. Unaingia hatua moja uko kwenye kifundo cha mguu, hatua ya pili huna mahali pa kukanyaga. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na ile ya madini ya mwaka 2016 zinamtaka mchimbaji airekebishe ardhi akimaliza, na ni sheria nzuri, ila mengi ya mashimo haya yana umri kuzishinda, na aliyeyachimba hawezi kutafutwa wala hana cha kulipa.

Pancha niliipata hapohapo. Tumbawe lililovunjika upya lina makali ya wembe, na tairi langu la mbele lilikwisha pumzi kwa mlio mrefu wa kusikitisha. Viraka nilikuwa navyo. Pampu niliisahau Kibokoni, juu ya meza, pale nilipoiweka ili nisiisahau.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mwembe karibu na ukingo wa timbo ndiye aliyeniita. Alinitazama nikiisukuma baiskeli, kisha nikisimama kupiga picha, kisha nikisukuma tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo shimo wapiga picha ya nini? Lina nini?"

Nilimweleza. Alicheka hadi akakohoa, akamtuma mjukuu wake akaazime pampu, na tulipokuwa tukingoja akaniambia kwamba timbo lile amelichimba yeye na wenzake, ujanani, wakilipwa kwa idadi ya mawe na si kwa siku. Akasimama akanishukisha hadi chini kunionyesha. Kwanza, alisema, huparuliwa udongo. Jiwe la juu kabisa hutupwa, kwa sababu limekaa na jua na mvua likawa gumu tena lenye matundu. Hapo ndipo huvutwa kamba iliyopakwa masizi, ikapigwa iache mstari mweusi, na mtu akaufuata mstari huo kwa sururu yenye ncha nyembamba, akichonga mfereji usiozidi upana wa kiganja. Mifereji ikikutana, mtaimbo huingizwa chini, jiwe likang'oka. Likitoka ardhini lina unyevu na hukubali kuchongwa; ukiliacha siku kadhaa juani linakuwa kaidi.

Ukutani alama zilikuwapo. Mistari ya mlalo, mmoja chini ya mwingine, kama daftari la mtoto, na kati ya mstari na mstari mikwaruzo ya mshazari, mamia kwa mamia, yote ikielekea upande mmoja. Mzee aliweka kidole chake ndani ya mmoja. "Aliyekata hapa alikuwa mtu wa mkono wa kushoto," alisema, na alipoona siamini akanipeleka hatua tano mbele, ambako mikwaruzo iligeuka ikaelekea upande wa pili. Mpaka kati ya watu wawili ulikuwa wazi kama mshono. Alilitaja jina la yule wa mkono wa kushoto, akasema ameshatangulia mbele ya haki, na tukanyamaza kidogo.

Nilipima kwa shubiri: kati ya mstari na mstari palikuwa shubiri moja na vidole viwili. Nikaandika katika simu yangu. Mjukuu alirudi na pampu, mzee akashikilia rimu nilipokuwa nikibandika kiraka, na alikataa katakata nilipojaribu kumpa hela ya kahawa, ingawa aliikubali ahadi ya kumletea picha iliyochapishwa.

Nilirudi nyumbani alasiri, jua likinichoma mgongo, nikiwa nimejaa furaha ya mtu aliyeshika ufunguo. Nyuma ya mlango wa chumba cha bibi kuna mahali ambapo lipu imeanguka kwa sababu ya chumvi, upana wa sinia, na hakuna aliyejali kuiziba. Niliwasha tochi ya simu nikapiga magoti kutafuta mistari yangu, shubiri moja na vidole viwili.

Hapakuwa na mstari hata mmoja. Ukuta wetu haukujengwa kwa mawe yaliyokatwa. Ni vipande vya matumbawe vya kila umbo, vingine kama ngumi, vingine kama kichwa cha mtoto, vimetoswa ndani ya chokaa na kushikana humo. Ningelijua hilo kama ningefikiri badala ya kupiga kanyagio, kwani ndivyo zilivyojengwa nyumba zote kongwe za mji huu: mwashi aliokota na kuvunja, hakukata, na lipu juu yake ikasawazisha kila kitu. Mawe ya mraba ni ya juzi. Mzee wa Utange na mwenzake wa mkono wa kushoto walikuwa wakijenga mji mwingine kabisa. Shimo la nyumba ya bibi halitakuwa na ukingo ulionyooka. Itakuwa ni ardhi iliyopekuliwa tu, na kama iko kisiwani, basi kuna ghorofa juu yake.

Sikuinuka, kwa kuwa tochi ilikuwa imenionyesha vitu vingine viwili. Ndani ya chokaa mlikuwa na chembe nyeusi, ndogo kama mbegu za mpapai. Chokaa yetu ilitokana na matumbawe yaliyopangwa juu ya lundo la magogo yakachomwa, kisha ikamwagiwa maji na kuachwa miezi kadhaa kabla ya kutumika, na vipande vya kuni zilizoungua vilibaki ndani yake. Nilikuwa nimemwambia mdogo wangu kwamba hapa makaa huja na meli, na muda wote huo nilikuwa nimeyaegemea.

Cha pili kilikuwa kidaka kilicho juu ya ile sehemu iliyobanduka, kile ambacho bibi aliwekea marashi yake. Kingo zake zimechongwa kwa nakshi laini, na jiwe lake si lile la ukutani. Ni jeupe, lina vitundu vidogo vilivyopangana sawasawa kama sega. Hilo ni tumbawe la baharini, lililokatwa likiwa hai mwambani chini ya maji, lingali laini, likachongwa mapema kabla halijakauka. Kwa hiyo nyumba ina angalau mashimo mawili, na moja kati yao hakuna baiskeli itakayonifikisha.

Nimemtumia mdogo wangu picha ya kidaka. Ameuliza mgodi wenyewe uko wapi. Nimemwambia angoje, bamvua ni wiki ijayo, na maji yakipwa vizuri nitakwenda mwambani kwa miguu na viatu vya mpira.